Hasi Sita

Kalangalala, Geita
Jumatano, 12 Juni 2024

Kaka yangu Thobias,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na lile goti lako la kulia liwe limekubali dawa za hospitali ya misheni. Wifi Scolastika msalimie sana. Mama je, vidonge vyake vya presha anameza, au amerudia mchezo wake wa kuvificha chini ya mto? Mwambieni mimi mwanawe namkumbuka kila ninapopika mlenda. Huku Geita vumbi limeanza, na mafua yamenishika wiki nzima, lakini natembea na kazini nafika.

Karanga ulizompa Katekista Edward zimefika, gunia zima. Ujumbe wako wa Ijumaa nao niliusoma, ule wa kuniomba radhi kwa aibu ambayo Hosiana ameileta nyumbani kwangu na kazini kwangu. Ukanishukuru kwamba sikumficha mwizi kwa sababu ya undugu. Ukasema binti hatarudi tena chuo chochote, atakaa hapo Ushirombo alime kama wenzake. Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikatafuta kigoda nikakaa.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ungenikatiza kwa upole wako, nami ningeushika upole huo na kuponea hapo. Kwa hiyo naandika. Naomba uisome barua yote kabla hujamwita Hosiana.

Unajua kwamba kwa miaka kumi na moja nimefundisha ufungaji wa umeme majumbani: kupitisha nyaya, kufunga mita, kuweka waya wa ardhini. Somo hilo naliweza hata nikiamshwa usingizini. Mwaka huu mwalimu wa somo la uchambuzi wa saketi alihama, na Mkuu wa chuo, Bwana Nuruddin, akanipa mimi somo lake. Sikukataa. Kukataa kungeonekana kama kukiri kwamba siwezi, na wakati huo nilikuwa nakaimu ukuu wa idara. Nikachukua vitabu, nikajisomea usiku kwa usiku, nikawa mbele ya wanafunzi wangu kwa kurasa tatu au nne tu.

Katika mtihani wa Mei niliweka swali la nne ambalo nililitunga mwenyewe na kulionea fahari. Nilichora saketi yenye vyanzo viwili vya umeme. Mwanafunzi alitakiwa airahisishe yote kwa nadharia ya Thevenin, yaani badala ya nyaya na vitu vingi abaki na chanzo kimoja na ukinzani mmoja tu, vinavyofanya kazi ileile. Katika majibu yangu, ukinzani huo ulikuwa omu tatu.

Waliofanya mtihani walikuwa ishirini na wanane. Kumi na tisa walipata tatu. Wawili waliacha wazi. Saba waliandika hasi sita.

Kaka, wewe si fundi umeme, lakini hili utalielewa: ukinzani ni kile kinachouzuia umeme kupita. Kwenye duka la vifaa huwezi kuomba kizuizi cha hasi sita, watakucheka. Mtu mmoja akiandika hivyo, nasema amechanganya alama. Watu saba, walioketi mbalimbali ukumbini, mmoja dirishani na mwingine nyuma kabisa, wakaandika kichekesho kilekile? Hapo moyo wangu ukaniambia: swali limevuja. Mtu ameliona kabla, amelikokotoa vibaya, na amewagawia wenzake makosa yake.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Frank, mhazili wa idara, kwa sababu ndiye aliyechapa mtihani. Nilikumbuka kwamba siku ile alifunga mlango wa ofisi, na nilipobisha alichelewa kufungua. Nikamuuliza karatasi zilizoharibika kwenye mashine alizipeleka wapi. Akasema alizichoma. Nikataka anionyeshe majivu. Frank aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akanipeleka nyuma ya stoo, akanionyesha shimo lenye majivu ya takataka za chuo kizima. Mpaka leo ananisalimu kwa kichwa tu.

Ndipo nikaanza kuangalia ndani ya nyumba yangu.

Mtihani niliuandikia kwangu, kwenye meza ya chakula, na nakala zilizochapwa zilikaa kabatini mwangu tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Hosiana. Na Hosiana alikuwa mmoja wa wale saba.

Nikaanza kumtazama mwanao kwa jicho jingine. Kila alichofanya kilikuwa na maana. Akigeuza simu yake kifudifudi nikiingia sebuleni, niliona. Akichelewa kurudi jioni na kusema alikuwa na wenzake, nilihesabu dakika. Siku moja nikainua kopo la sukari, nikakuta chini yake karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari. Ilikuwa na mchoro wa saketi, na ndani yake kile kisanduku kilichosimama kwa pembe, alama ya chanzo cha pili, kama kile cha swali langu. Chini yake kulikuwa na jibu lenye alama ya kutoa. Tarakimu zake zilikuwa tofauti kabisa na zangu, kaka. Ilikuwa saketi nyingine. Lakini mimi nilikuwa sitaki kuziona tarakimu, nilitaka kuona kisanduku.

Nikamfuatilia. Ndiyo, nilimfuata mtoto wa kaka yangu barabarani kama askari kanzu. Alikuwa akienda kwa Maige, fundi wa kusuka mota hapa Kalangalala, yule ambaye wachimbaji humletea mota za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zikiungua. Nilingoja mpaka kesho yake mchana nikaenda peke yangu. Maige akaacha waya wake wa shaba, akanisalimu kwa Kisukuma, “Mwadila, mwalimu,” na kunipa kiti. Nilipomuuliza kuhusu vijana wanaokuja pale, alifurahi. Alisema wanakuja saba, kwa sababu ana ubao mkubwa wa kuandikia maelezo ya wateja na huwaachia jioni. Akasema yule binti mrefu ndiye anayewafundisha wote, tena hata yeye Maige amejifunza kwake jambo moja au mawili.

“Anawafundisha nini?” nikamuuliza.

“Hesabu zenu hizo. Anawaambia, hiki kisanduku msikiguse.”

Maige alinipa ukweli mzima mkononi, nami nikaupokea kama ushahidi wa wizi. Nilirudi chuoni nikiwa na kiongozi wa genge, idadi ya genge na mahali linapokutania. Jioni hiyohiyo nikaandika ripoti kwa Bwana Nuruddin. Jina la Hosiana nililiweka la kwanza, ili mtu asije akasema namkinga ndugu yangu. Niliona fahari kwa hilo pia, Mungu anisamehe.

Kuna jambo moja la siku ya mtihani wenyewe ambalo nilikuwa nimelipuuza. Siku ile jioni tulikuwa jikoni, yeye anachambua mchele. Akaanza kwa sauti ya chini: “Shangazi, lile swali la nne, nilikuwa naomba tuliangalie pamoja.” Nilimkatisha. Nilimwambia kwamba nyumbani mimi ni shangazi na chuoni ni mwalimu, asinizoee, na swali la mtihani halijadiliwi kwenye sufuria. Akaendelea na mchele. Baadaye, nilipoanza kushuku, nikaikumbuka sauti ile ya chini na kuiita sauti ya mwenye hatia.

Kamati ya nidhamu ilipangwa kukutana Alhamisi, tarehe ishirini na tatu. Bwana Nuruddin aliniomba niambatanishe jibu sahihi la swali la nne, limekokotolewa hatua kwa hatua, ili wajumbe wasio wa fani yetu waelewe kosa liko wapi. Jumatatu na Jumanne nilikuwa na kazi hiyo.

Kaka, sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Jumanne saa nne, walimu wengine walipokwenda kunywa chai, nilibaki ofisini. Nikaandika jibu langu la omu tatu, likapendeza. Kisha nikaona ni vyema kulihakiki kwa njia nyingine ili lisiwe na mwanya. Njia hiyo ni nyepesi: unatafuta volti kwenye ncha mbili zikiwa wazi, unatafuta umeme unaopita ncha hizo zikiunganishwa, kisha unagawa. Volti zilitoka hasi kumi na nane. Umeme ulitoka ampea tatu. Nikagawa. Hasi sita.

Nilifuta nikaanza upya. Hasi sita. Mara ya tatu nikabadili mpaka kalamu, kana kwamba kalamu ndiyo iliyokosea. Hasi sita.

Acha nikueleze kosa langu, kwa sababu nataka ulijue kama ninavyolijua mimi. Katika saketi ile kulikuwa na vyanzo vya aina mbili. Cha kwanza ni kama betri, kipo chenyewe. Ukitafuta ukinzani unaruhusiwa kukizima. Cha pili, kile kisanduku, ni chanzo tegemezi: hakina umeme wake, kinatoa kulingana na volti zilizopo mahali pengine kwenye saketi hiyohiyo. Zikipanda kule, nacho hupandisha huku. Hicho hakizimwi kwa mkono, kwa sababu kitafanya kazi muda wote ambapo volti zile zipo. Mimi nilivizima vyote viwili. Nilifanya hivyo kwenye mtihani, na nilikuwa nimefanya hivyo ubaoni muhula mzima. Wale kumi na tisa waliopata tatu walipata tatu kwa kuniamini. Wale saba walipata hasi sita kwa sababu Hosiana alikuwa amechukua kitabu cha zamani maktaba, akasoma mwenyewe, akagundua kwamba shangazi yake anafundisha makosa, akawafundisha wenzake njia iliyo sawa bila kunitaja jina. Na ukinzani hasi si kichekesho. Maana yake ni kwamba kisanduku kile kinasukuma umeme kuliko vizuizi vinavyozuia. Kitabu kinalisema waziwazi ukurasa uliofuata pale nilipoishia kusoma.

Kwa hiyo Jumanne saa nne na nusu, siku mbili kabla ya kamati, nilikuwa najua.

Nimeiandika sentensi hiyo ili usije ukadhani nimegundua jana. Nilijua, Thobias. Niliikunja karatasi ile mara nne nikaitia mkobani. Nikawasilisha kwa Mkuu jibu langu la omu tatu, likiwa limechapwa vizuri na Frank. Nilijiambia nitasema baada ya kamati, polepole, nikitafuta maneno. Nilijiambia kwamba huenda hata hivyo waliiba. Mtu anaweza kuiba swali na bado akalipata. Unaona shaka inavyomtumikia mwenye nayo? Ilipokuwa haina tena mahali pa kusimama, nikaitafutia mguu wa bandia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliwaona wanafunzi wakicheka, niliona barua ya kuninyang’anya ukaimu, nikamwona Frank na yale majivu.

Alhamisi tulikaa wajumbe watano. Wale sita wengine walisema walifundishwa na Hosiana, na wakaulizwa yeye alitoa wapi. Hosiana akaingia wa mwisho, amevaa sare aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi kwangu. Bwana Nuruddin alimuuliza kwa upole tu alivyopata hasi sita. Akajibu kwamba alikokotoa. Akaambiwa basi aonyeshe ubaoni. Alichukua chaki, akachora saketi yote kwa haraka, bila kukosea mstari. Kisha akasimama. Akageuka akaniangalia mimi. Hakuwaangalia wajumbe wengine hata mara moja. Aliniangalia kwa muda mrefu mpaka mjumbe mmoja akakohoa. Mimi nikaangalia faili.

Akaiweka chaki chini taratibu, akasema, “Sina la kuonyesha.”

Wakaliandika hilo kama kukiri. Wale sita wakapewa kurudia mtihani. Hosiana akasimamishwa mwaka mmoja, na ile nafasi yake ya mafunzo kwa vitendo mgodini, aliyoipata kwa kushindana na vijana wa vyuo vingine, akapewa mwingine wiki hiyohiyo.

Jumamosi nilimsindikiza stendi kupanda basi la Ushirombo. Hatukuwa tumezungumza siku mbili. Nilimbebea begi, na alipokuwa anapanda nilimuuliza, kwa sababu shaka yangu ilikuwa bado inataka kujua: kwa nini hukumalizia pale ubaoni?

Alinijibu bila kulia na bila hasira. “Jumanne ulikuwa unaumwa kichwa, ukanituma nikuchukulie panadol mkobani. Nikaiona karatasi. Umekokotoa mara tatu.” Kisha akasema, “Nilidhani utasema wewe, shangazi. Nilikuwa nakupa nafasi.”

Kondakta akafunga mlango. Nilibaki stendi nimeshika tiketi ambayo nilipaswa kumpa.

Kwa hiyo ujue hili: binti yako alifika kwako siku ile akijua kwamba mimi najua, na wewe umemkaripia wiki mbili na nusu, na hakunitaja. Sijui kama anakaa kimya kwa heshima au kwa kunichoka. Nisikudanganye, nilikuwa hata nimeanza kumshuku kwa hilo pia, nikijiuliza anangoja nini, atanitumia vipi. Ndipo ujumbe wako wa kunishukuru ukaingia, na nikaona ninakoelekea.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Bwana Nuruddin na ile karatasi iliyokunjwa. Nilimkokotolea mbele yake. Alivua miwani, akaitafakari meza. Alipendekeza tuwarudishe wanafunzi kimyakimya, tuseme mtihani umefutwa kwa sababu za kiutawala, kwa heshima ya chuo na yangu. Nakiri kwamba nilitamani kukubali. Nikamwambia hapana, jina la Hosiana lilichafuliwa kwa maandishi, litasafishwa kwa maandishi. Leo kamati imekaa tena. Nimesema yote, pamoja na habari ya Jumanne. Mjumbe yule aliyekohoa aliniuliza kama nilielewa nilichomfanyia mtoto. Nikasema nimeelewa. Kisha niliwaita wanafunzi wote ishirini na saba waliobaki darasani nikawaambia kwamba muhula mzima niliwafundisha makosa, na kwamba Hosiana alikuwa sahihi. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka.

Barua ya kumsafisha Hosiana nimeiambatanisha, ina muhuri. Anarudi masomoni Julai, na alama zake za swali la nne ni kamili. Ukaimu nimevuliwa, na somo amepewa mwalimu mwingine; mimi nabaki na nyaya zangu mpaka bodi itakapoamua kama nabaki kabisa. Nafasi ya mgodini haikurudi. Nilikwenda mwenyewe kuwaomba, wakanisikiliza vizuri, wakasema imeshajazwa, ajaribu mwakani. Hilo nimemkosesha na sina cha kulirudisha.

Sikuombi umwambie anisamehe. Usimwambie chochote kwa niaba yangu. Mpe tu barua ya chuo aisome yeye mwenyewe kwanza, kabla yako na kabla ya wifi, kisha wewe umwombe radhi kwa upande wako, maana nawe uliamini haraka, ingawa ulimwamini dada yako. Jumamosi nitakuja Ushirombo. Kama Hosiana hataki niingie uani, nitumie neno kwa Katekista, nitalala kwa masista, na Jumapili baada ya misa nitasimama nje ya kanisa. Akitaka kunisemesha, nitakuwepo. Akipita, nitajua amenijibu.

Akitaka kurudi chuo lakini si nyumbani kwangu, nimeshamtafutia chumba kwa mama mmoja mcha Mungu karibu na lango la chuo. Uamuzi ni wake.

Nisalimie Mama, lakini usimsomee barua hii. Nitamweleza mwenyewe nikiwa nimeshika mkono wake. Wifi naye mpe pole yangu, ninajua ni yeye aliyekuwa anamsikia binti akigeuka kitandani. Majirani wote wa pale kisimani wasalimie, na kila uliyemwambia kwamba Hosiana ni mwizi, nakuomba umrudie mmoja mmoja, kwa jina.

Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Salvina